Mbegu za Mapera Ulizomeza

Nasieku wangu,

Leo kalamu inanikimbia. Nimekaa nyuma ya nyumba kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa waya, jua la saa kumi liko usoni, na kando yangu kuna bakuli la mapera. Ndani nawasikia mama yako na mama yangu, Koko wako, wakibishana juu ya sanduku lako. Mama yako anataka blanketi la pili liingie, Koko anataka kibuyu cha maziwa kiingie, na wewe unacheka tu. Kesho asubuhi unaenda Kajiado kuanza kidato cha kwanza. Nimeisema sentensi hiyo kwa sauti mara tatu, hapa peke yangu na kuku, na kila mara moyo unaruka kama mwanambuzi aliyefunguliwa zizi.

Sitakuandikia habari za sabuni, kufuli na kuamka mapema. Mama yako ameshayasema, na akisahau moja Koko atalimalizia, kwa Kimaasai na kwa kidole kwenye paji la uso. Mimi nina langu. Jumamosi ile tulipotoka kituo cha afya uliniuliza, "Baba, mbona ulinidanganya juu ya fomu?" Nikakujibu kwamba tutaongea. Wiki tatu zimepita na hatujaongea. Kila nikifungua mdomo naona macho yako na maneno yananyauka. Mimi ni karani, Nasieku. Nisichoweza kukisema huwa nakiandika.

Lakini niache kwanza nimalize hili lililo mkononi. Nani alinificha kitu kama hiki? Nilijificha mwenyewe! Nina miaka thelathini na nne na nimerudia kula mapera mwezi huu tu, na sasa niko kama mtu aliyenunua redio mpya, nataka majirani wote wasikie. Hili la leo limegeuka njano mgongoni, shingoni bado lina kijani. Ukilibonyeza linakubali kidogo, halafu linakataa. Ganda lina ule ukakasi unaokaza ulimi, kisha utamu unafika taratibu, na katikati, pale pekundu kama ufizi wa mtoto, penye mbegu zote, ndipo patamu kuliko kote. Zile mara chache mama yako aliponishinda nguvu akayaleta nyumbani, ni sehemu hiyo niliyokuwa nikikuchokolea kwa kijiko na kuwatupia kuku. Ukabaki na ganda, na kuku wakanenepa.

Wewe ulidhani ni ukali. Haukuwa ukali. Ilikuwa ni hofu, na hofu ya karani ni mbaya kuliko ya mtu mwingine, kwa sababu karani huiwekea faili.

Nikueleze. Ulipokuwa na miaka miwili nilipata kazi ya rekodi hapa kituoni. Kitengela wakati huo ilikuwa maduka machache na vumbi, na nyumbu walipita karibu kuliko magari. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina, kutafuta kadi, kupanga rejista. Siku moja nikaona kwenye rejista mgonjwa aliyepelekwa hospitali kubwa kwa sababu ya kidole tumbo. Nikatoka mpaka kwenye benchi, nikamuuliza mkewe polepole, "Samahani mama, mzee alikuwa amekula mapera?" Akasema ndiyo, juzi, mengi. Nikanunua daftari, nikachora mistari: jina, kijiji, alikula mapera au hakula. Tangu siku hiyo, kila aliyeletwa na kidole tumbo nilimfuata au nikawafuata watu wake. Wengi walisema ndiyo. Waliosema hapana niliwaona kama waliosahau. Hakuna aliyenituma, na majina yale hayakuwa yangu kuyabeba nyumbani, lakini daftari lile lilikaa chini ya godoro letu miaka mingi, na kila ulipolia kwamba Mutheu wa jirani amepewa pera na wewe umenyimwa, mimi nilikwenda kulisoma tena nikapata nguvu ya kukunyima.

Ndipo ukafika darasa la nane, ukaanza kuchoka. Ulikuwa unalala mezani na kalamu mkononi. Daktari wetu alikutoboa kidole, akasema damu imepungua. Akaniambia maharagwe, sukuma wiki, maini yakipatikana, chai isinywewe pamoja na chakula, na tunda. "Mpe mapera," akasema, "yako mengi sokoni na ni rahisi." Nikaitikia kwa kichwa. Nikatoka hapo nikanunua chungwa moja. Nililigawa vipande vinne, viwili vya asubuhi na viwili vya jioni, nikajiona baba mwangalifu kuliko wote Kitengela.

Jumamosi ile nilikuwa nimetumwa nyanya. Unakumbuka. Nilipopinda kwenye kona ya wauza matunda nikakuona umekaa juu ya kreti, kwenye meza ya Mama Mutheu, miguu inaning'inia, na pera zima liko mdomoni. Sikumbuki kutembea. Nakumbuka tu sauti yangu.

"Tema! Nasieku, tema mbegu! Tema sasa hivi!"

Soko lote likageuka. Mwenye mkokoteni akasimamisha mkokoteni. Wewe ukameza, tena nilikuona koo likipanda na kushuka.

"Baba Nasieku," Mama Mutheu akasema, bila hata kuacha kupanga mapera yake, "huyu mtoto atatema nini na ameshameza? Kwani amekula sumu kwa meza yangu?"

"Mbegu zinaingia kwa kidole tumbo, mama! Watu wanakufa!"

"Ai! Mimi nimekula hizi mbegu kutoka Machakos nikiwa sina meno. Angalia tumbo langu." Akalipiga kofi mara mbili. "Hii iko na watoto sita na haijapasuka."

Watu wakacheka. Nikakugeukia wewe, nikitumaini utakana.

"Baba," ukasema, ukipangusa mdomo, "mimi nameza mbegu tangu darasa la nne. Kama ni kupasuka ningepasuka kitambo."

"Tangu darasa la nne?"

"Na siku hizi ni kila siku. Daktari alinishika kwa mlango akaniambia, 'Baba yako hatakununulia, jitafutie.' Kwa hivyo jioni napanga mapera ya Mama Mutheu, ananipatia mawili."

"Matatu," Mama Mutheu akasema. "Usinipunguzie."

Ningekuwa mtu mwenye akili ningecheka nao. Mimi nilikushika mkono, nikakuvuta mpaka kituo cha afya, nikaruka foleni niliyoipanga kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia daktari akupime tumbo haraka. Nilikuwa nimepitia nyumbani nikachukua daftari. Nililiweka mezani pake kama mtu anayeweka ushahidi mahakamani.

Unajua alivyo yule bwana, mwembamba, wa utani mwingi, wa kutembea na peremende mfukoni. Alikubonyeza tumbo, akakuuliza kama kuna maumivu, ukasema ni njaa tu. Kisha akafungua daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Uso wake ulikuwa umetulia sana hata nikadhani nimeshinda.

"Karani," akaniambia, "hawa wote uliwauliza msimu gani?"

"Kila walipokuja."

"Na waliovunjika miguu, uliwauliza?"

"Waliovunjika miguu wanahusika vipi?"

Aliinuka, akafungua mlango, akasimama mbele ya benchi lililojaa. "Jameni! Nani hapa amekula mapera wiki hii? Inueni mkono."

Nasieku, wewe ulikuwa nyuma yangu na nilisikia ukianza kubanwa na kicheko. Mikono ilipanda kama darasani. Yule mzee wa macho aliinua. Mama aliyekatwa kidole na shoka aliinua kile kilichofungwa bendeji. Mwanamke mmoja aliinua mkono wake na wa mtoto mgongoni.

"Haya," daktari akamwambia mwenye kidole, "karani anataka kujua, ulikatwa na shoka au na mbegu?"

"Daktari, wacha mchezo, niko na uchungu!" mama yule akasema, na yeye mwenyewe akaangua kicheko.

Daktari alirudi, akafunga mlango, akaketi. Alisema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kicheko cha benchi. Alisema mapera yakiiva hapa kila mtu anakula, mzima na mgonjwa, kwa hiyo ukimuuliza mgonjwa yeyote atasema amekula. Alisema kidole tumbo humshika hata mtu asiyewahi kuliona pera maishani. Mbegu kuingia humo ni nadra sana, na si jambo la kumnyima mtoto tunda. Akasema mbegu hizo na ganda ndizo zinazofagia tumbo na kumsaidia mtu aende choo vizuri. Nilikaa pale na digrii yangu ya hofu, mimi niliyepita mtihani wa kidato cha nne vizuri kuliko wenzangu wote, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza swali la wale wasioumwa.

Akakutoboa kidole tena. Akatazama, akaniangalia, akatazama tena. Damu ilikuwa imepanda! Akanieleza na sasa nakueleza kwa sababu nataka uwaambie wenzako huko: chuma kilichomo kwenye maharagwe na mboga ni kikaidi, mwili hauchukui chote. Vitamini C ndiyo inayokibembeleza kiingie, na pera lina vitamini C nyingi kuliko hata chungwa. Kwa hiyo yale maharagwe ya mama yako yalikuwa yakibisha mlango miezi yote, na ni mapera ya Mama Mutheu yaliyofungua. Vipande vyangu vinne vya chungwa vilisaidia kidogo, alisema, labda kunifariji.

Tungeondoka hapo tukiwa na furaha. Lakini daktari akauliza, "Na huyu si ameitwa shule? Mbona sijaona fomu yake ya afya?"

Nawe ukasema, bila ubaya wowote, "Baba alisema uko na watu wengi."

Daktari alinitazama. Dirisha langu la rekodi na mlango wake ni hatua kumi, na kila asubuhi tunakunywa chai pamoja. Alijua, nami nilijua amejua, na wewe ulitutazama mmoja mmoja ukajua pia. Akasema tu, "Leo niko na watu wengi kweli. Ilete." Nikaenda kwenye droo yangu, nikaitoa chini ya rejista za zamani, ikiwa imekunjwa mara mbili. Ilikuwa humo siku tisa. Siku ya kuripoti ilikuwa imekaribia, na nilikuwa nikihesabu. Sasa unajua nilichokuwa nahesabu. Nilikuwa nangoja siku hiyo ipite, nafasi yako apewe mwingine, nawe ubaki hapa kwenye shule ya kutwa, nikikuona kila jioni.

Karatasi yenye jina lako, niliyopewa na wewe kwa mikono miwili, niliificha. Sina neno la kulipamba jambo hilo. Nisamehe.

Sababu ni hii. Ulipopata barua ya kuitwa, nilikwenda Kajiado peke yangu kuitazama shule. Nilikwambia nimetumwa na kituo. Mlinzi alinionyesha madarasa, maabara, mabweni, na nilifurahi, Nasieku, nilifurahi hadi nikamtikisa mkono mara mbili! Halafu tukapita nyuma ya bwalo. Kuna mipera pale, mitatu, inayokunywa maji ya kuoshea sufuria, kijani kabisa katikati ya ule ukavu. Wasichana walikuwa chini yake na sketi za sare zao zimejaa mapera. Wanakula na kucheka. Nilirudi Kitengela, nikaiweka fomu kwenye droo.

Niliona mipera ile nikamwona Parsaloi.

Hujawahi kusikia jina hilo nyumbani. Mama yako analijua, Koko analijua, nao hawalitaji kwa ajili yangu. Parsaloi alikuwa rafiki yangu kwenye shule ya bweni huko upande wa Ngong, mwaka wa tisini na moja, tukiwa kidato cha pili. Tulitoka ukavu wa huku, na kule Ngong kulikuwa na ukungu na miti ya matunda, tukajiona tumefika Edeni. Nyumba ya mwalimu mkuu ilikuwa na mipera na ilikuwa marufuku kuikaribia. Mimi, mwoga wa leo, ndiye niliyekuwa napanda. Nilikuwa juu nikitupa, yeye chini akidaka kwa sweta. Tulikula mpaka meno yakafa ganzi. Sijawahi kucheka tena vile.

Asubuhi yake akaniambia tumbo linamuuma hapa, kitovuni, halafu mchana likahamia upande wa kulia. Alitaka kwenda kwa mwalimu wa zamu. Nikamwambia, "Nyamaza. Wakikuuliza umekula nini utasema nini? Tutafukuzwa wote. Itaisha." Akanyamaza kwa sababu nilimwomba. Alinyamaza siku ile na siku iliyofuata. Alipoanguka kwenye gwaride la asubuhi walimbeba. Hospitali hawakuweza tena. Mpishi wa shule akasema mbele yetu wote, "Ni mbegu za mapera zimemmaliza kijana wa watu," na mimi nililidaka neno hilo kama anayezama anavyodaka kamba.

Kwa maana kama ni mbegu, basi lawama ni ya mti. Unaona? Miaka kumi na minane nimeuchukia mti. Nikauandikia daftari. Nikamnyima mtoto wangu tunda. Jumatatu baada ya siku ile sokoni, nilimsubiri daktari wakati wa chai, nikamweleza yote, nikamuuliza: lilikuwa pera? Alikoroga chai yake muda mrefu. Akasema, "Pera labda halikuwa na lolote. Ni zile siku mbili. Angeletwa siku ya kwanza pengine angepona." Halafu, kwa sababu ni mtu mwema, akaongeza, "Ulikuwa mtoto pia."

Nilikuwa mtoto pia. Lakini nilijua anaumwa, na nilimnyamazisha kwa kuogopa kufukuzwa.

Sikuandikii haya ili uende shule na jiwe kifuani. Nakuandikia kwa sababu ni lile lile lililorudi kwenye droo yangu. Nilipoogopa nikiwa na miaka kumi na sita, nilimwambia rafiki yangu anyamaze. Nilipoogopa mwaka huu, nilimwambia binti yangu daktari ana watu wengi. Nimejifunza kwamba hofu yangu huwa haipigi kelele. Huwa inaficha kitu. Siku ukijiona unakunja karatasi mara mbili, au unamwambia mwenzako nyamaza, simama hapo hapo ujichunguze, kwa sababu wewe ni damu yangu na jambo hili linaweza kuwa ndani yako kama pua hii uliyoirithi.

Na kama kuna msichana kwenye bweni lako atakayejishika tumbo, mpeleke. Hata kama mmevunja sheria zote za shule siku hiyo. Nikiitwa na mwalimu mkuu kwa sababu umemwokoa mwenzako na ukajitia mashakani, nitakuja nimevaa suti.

Basi. Nimelisema. Ngoja nile pera jingine.

Ile mipera mitatu nyuma ya bwalo! Sasa nikiifikiria nasikia mate. Nimekwisha kukuwazia: wakikupa githeri mchana unatoka nayo nje, unamaliza, unachuma moja, unaliosha, na maharagwe yale yanapata mwenzake. Usimenye ganda. Mabichi kabisa yaache, yatakufunga tumbo, hilo hata Mama Mutheu anakubali. Yale ya njano mno, yanayoanguka yenyewe, yapasue kwanza utazame kama yana funza. Mama Mutheu ameniambia kuna mengine ndani ni meupe na mengine mekundu, na kwamba mekundu yana harufu zaidi. Tumebishana naye wiki nzima, maana mimi nimeshikilia kwamba meupe ndiyo matamu. Mimi, nabisha juu ya mapera! Anasema ninamkera kuliko nilivyomkera nilipokuwa nayaogopa.

Hujui kwamba jana nilimpa Koko. Wewe ulikuwa umeenda kuaga darasa la Jumapili. Alikuwa ndiyo kwanza afike kutoka Isinya. "Takwenya, yeyo," nikamsalimu, akaitikia "Iko," kisha akaona mkono wangu.

"Hicho ni nini?"

"Pera, mama."

"Mwanaume mwenye mke anakula matunda? Matunda ni ya watoto wanaochunga na ya ndege. Wewe ni ndege?"

"Onja."

"Sina meno ya kuonja."

Nikampasulia lililoiva sana. Alilinyonya kwanza kwa mashaka, akilitazama kama linaweza kumjibu. Akanyonya tena. Mbegu akazitoa moja moja ulimini, akazipanga kwenye kiganja, akazitazama, na ghafla akazirudisha zote mdomoni akameza. "Hizi ndizo zilizokuwa zinakutisha?" akaniuliza. Nikasema ndizo. Alinyoosha mkono kuomba la pili. Kisha la tatu. Leo asubuhi amesema tumbo lake halijawahi kuwa jepesi hivi tangu nizaliwe, na mama yako amenikataza kuandika zaidi ya hapo.

Nina jambo moja limebaki, na hili hata mama yako amelijua leo.

Siku ile niliyoificha fomu, niliandika pia barua ya kuomba uhamisho. Nilijiambia, kama mtoto atakwenda hata hivyo, basi nitamfuata. Niliomba nihamishiwe Kajiado, rekodi za hospitali, mahali ambapo nikisimama mlangoni ningeiona barabara ya shuleni kwenu. Niliandika sababu za kifamilia. Sikusema familia ni binti mwenye miaka kumi na minne ambaye hajaomba kufuatwa.

Ijumaa jibu likaja. Wamenikubalia. Unajua watu wanavyongoja uhamisho, miaka mingapi, na vikombe vingapi vya chai wanavyonunua. Mimi nimekubaliwa mara moja. Nilisoma barua hiyo nikiwa nimesimama dirishani pangu. Mkono wangu, Nasieku, ulikuwa tayari umefungua droo ile ile ili kuificha mpaka nitakapopata namna ya kukuambia.

Nikajiona.

Nikaifunga droo. Nikachukua karatasi safi, nikaandika kwamba nashukuru sana na kwamba sababu za kifamilia zimekwisha. Nikaipeleka kwa karani mkuu kwa mkono wangu. Aliisoma mara mbili.

"Kijana, uko sawa? Watu wanalia wapate hii, wewe unarudisha?"

"Niko sawa, mzee."

"Kajiado kuna nini kimebadilika?"

"Binti yangu anaenda kusoma huko."

"Sasa si hiyo ndiyo sababu ya kwenda?"

"Hapana, mzee," nikasema. "Hiyo ndiyo sababu ya kubaki."

Alinitazama kama mtu anayetazama jua likitoka Ngong, kule linakozama. Lakini alipiga muhuri.

Kwa hiyo kesho mama yako ndiye atakayekupeleka. Mimi nitakusindikiza mpaka barabarani, nitakushika kichwa kama Koko anavyotushika, na nitarudi. Saa mbili kamili dirisha la rekodi litafunguliwa na nitakuwa ndani yake, nikiwaita watu kwa majina yao, nikiogopa, ndiyo, sitakudanganya tena, lakini nikiwa nimekaa mahali pangu. Ukiwa na furaha niandikie. Ukiumwa mwambie aliye karibu kwanza, halafu niandikie. Ukisahau kuniandikia kwa sababu una mambo mengi, nitajua kwamba uko vizuri.

Kajiado ni yako, mwanangu. Mimi nina kazi Kitengela.

Baba yako anayekupenda na kukuachia njia.